Mrudishieni Mume Wangu Injini ya Petroli

Mheshimiwa Mwenyekiti,
Chama cha Warushaji wa Ndege Ndogo.

Natumaini u mzima, na ndege zako zote zimetua salama. Mimi ni mke wa yule fundi majokofu mnayemwita Rubani. Nyumbani hatumwiti hivyo. Ndimi niliyekuandikia mwaka jana kwamba ndege yake ya rimoti inanguruma hadi mimi na wateja wangu wa cherehani tunasemezana kwa ishara. Ukamshauri aing'oe injini ya petroli, aweke mota na betri. Nashukuru kwa kunisikiliza. Sasa naomba uamuru injini irudishwe, kwa sababu zifuatazo:

1. Pasi. Ndege ya umeme inataka wepesi, kwa hiyo mabawa yamevikwa plastiki nyembamba nyekundu inayokazwa kwa pasi ya moto. Pasi hiyo ni yangu. Juzi nilinyoosha shati jeupe la mhasibu, likatoka na mstari mwekundu mgongoni. Nikamwambia ndiyo mtindo. Amelivaa kazini, na sasa wenzake wananiletea ya kwao.

2. Sufuria. Betri huchajiwa ndani ya sufuria yangu ya wali, juu ya mchanga, isije ikashika moto. Mume wangu huvuta kiti akaikodolea macho mpaka ijae. Mimi nilipougua homa alichungulia mlangoni, akauliza kama nimeiona bisibisi.

3. Mizani. Siku hizi huinyanyua ndege kwa ncha za vidole viwili ajue kama imelemea pua au mkia. Tabia imemwingia. Ameshapima mkoba wangu na birika. Jumapili alimtazama mama yake akijizoazoa kutoka kwenye kochi, akatamka kwamba nyumba yetu ni nzito mkiani. Mama mkwe hasemi naye tena. Anasema na mimi tu, mchana kutwa.

4. Ukimya. Hili ndilo kubwa. Zamani, injini ikinguruma kule uwanjani nyuma ya shule, nilijua mume wangu yuko wapi na yu hai. Sasa hasikiki. Kila mara natoka mlangoni, pini mdomoni, nikitazama juu. Moyo wake si mzima sana, unajua, na mimi naogopa, Mwenyekiti. Nimeshashona mkono wa kushoto mahali pa kulia nikisikiliza kitu kisicho na sauti.

Basi naomba injini irudi. Ikishindikana, ndege ifungwe kengele. Na hilo nalo likishindikana, chama kimpige marufuku kurusha, na wewe uliyetoa ushauri uwe unakuja kukaa na mama mkwe.

Wasalimie wanachama wote, na mkeo, na yule daktari wa meno ambaye ndege yake iko juu ya paa letu. Mwambie imetulia.

Wako anayekesha macho juu,
Mke wa Rubani, fundi cherehani.

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha nimeliona bawa la kulia alivyolipiga pasi. Makunyanzi matupu. Siwezi kuacha kitu cha namna ile kitoke nyumbani kwangu. Nimeibandua plastiki yote nikaikaza upya, mabawa yote mawili, na sasa hakuna hata mkunjo. Kwa hiyo injini ya petroli isirudi kabisa; inatema mafuta, itanichafulia. Mwambie Jumamosi asirushe kabla sijafika. Safari hii akiiangusha, ameangusha kazi yangu.