Nani Aliyeukuza Mji wa Plum Fork

Jumanne, 6 Mei

Iandikwe, na vizazi visome: leo saa tatu na dakika kumi asubuhi, Plum Fork imepata mashine ya pili ya kuosha magari. Mwenyewe ni shemeji yangu Duane, lakini hilo nalisamehe. Nilisimama kofia mkononi. Brashi zikazunguka. Gari la kwanza likatoka safi upande mmoja. Maendeleo.

Ukiongeza duka la mikate, gesti inayojaa kila siku, na kampuni ya kuezeka yenye mafundi kumi na mmoja, huu ni mwaka wa neema. Nani kaileta? Mpango wa Gavana wa Kukuza Miji Midogo. Mratibu wake hapa ni mimi, Verlyn Stehlik. Ofisi: chumba kimoja juu ya kituo cha zimamoto.

Barua imefika kutoka makao makuu ya jimbo. Gavana anakuja Jumatano ijayo kutafuta mji wa mfano. Nimwandalie barua tatu za wenye biashara, wakikiri kwamba unafuu wa kodi ndio uliowainua. Nikizikosa, ofisi inafungwa mwisho wa Juni na mimi narudi kwenye mabanda ya nguruwe ya Duane. Nimeshafanya kazi kule. Harufu ile unaoga nayo, unavaa nayo, unakwenda nayo kanisani.

Jumatano, 7 Mei

Nimepeleka habari njema kwenye meza ya kahawa, pale ushirika wa nafaka. Kila asubuhi wakulima wanatupa dadu, atakayeshindwa awanunulie wenzake. Nikaeleza sera kwa robo saa. Walinisikiliza kama wanavyosikiliza mahubiri, macho kwenye dadu.

Mzee Lumir Kucera, miaka themanini na mmoja, akauliza kama nimesahau Juni iliyopita.

"Mwanangu, hiyo si serikali," akasema. "Hiyo ni mvua ya mawe."

Ni kweli mawe yalianguka. Makubwa kama mayai. Hakuna paa lililopona, bima ikalipa, mafundi wakamiminika, gesti ikajaa. Lakini Lumir hajasomea uchumi. Mimi nilihudhuria semina ya siku mbili. Nikamwambia mawe huanguka popote, ila ukuaji umekuja hapa. Akasema ndiyo, umekuja pale mawe yalipoangukia.

Duane akadakia kwamba sifa ni za gavana aliyepita, maana huyo ndiye aliyetia lami barabara. Wakabishana juu ya magavana wawili mpaka kahawa ikapoa. Mimi nikashindwa dadu. Vikombe tisa.

Alhamisi, 8 Mei

Duka la mikate. Mwenyewe ni Marlys Vondra, mama mwenye heshima zake, anapika kolachi, vimkate vitamu vya jemu ambavyo watu wanavifuata kutoka wilaya jirani. Nikamtajia unafuu wa kodi. Akauliza ni unafuu gani. Nikasema ule uliomfanya afungue duka. Akasema alifungua duka kwa sababu Leonard, mumewe, alistaafu kazi ya reli, na wiki ya pili akaanza kupanga upya makabati ya jikoni kwake.

"Kama gavana ndiye aliyemstaafisha Leonard," akasema, "lete kalamu."

Sikukata tamaa. Nikaandika barua pale pale: serikali imejenga mazingira yanayowatoa akina mama majumbani. Akaisoma mara mbili. Akaichana vipande vinne, taratibu, bila ugomvi, akanipa kolachi mbili na kuniagiza nimsalimie mke wangu. Watu wa kwetu wakikukatalia, unaondoka umeshiba.

Ijumaa, 9 Mei

Siku ya ushindi.

Hitesh Bhakta wa gesti amekubali kutia sahihi, kwa sharti moja: serikali izibe shimo lililo barabarani mbele ya mlango wake. Ameshaiandikia mara sita. Nimeahidi kwa niaba ya serikali. Shimo lina kina cha goti langu. Nimelipima kwa bahati mbaya.

Kisha kampuni ya kuezeka. Rigoberto Saldaña, mtu wa Texas, mpole, alikuwa juu ya paa la kanisa la Walutheri. Nikampigia kelele kutoka chini: je, sera zetu ndizo zilizomvuta?

"Sisi tunafuata mawe, ndugu yangu," akajibu. "Hatufuati magavana."

Akaongeza kwamba mawe yameanguka Kansas wiki hii na kesho wanahama wote. Nikamsihi. Mwishowe akanionea huruma: ametia sahihi, na mpaka Jumatano ataniachia lori moja, ngazi mbili na binamu yake ashikeshike nyundo.

Zimebaki siku tano na barua moja.

Jumatatu, 12 Mei

Nimepiga magoti kwa Duane. Si kwa mfano. Palikuwa na maji ya sabuni. Nilitarajia anitukane, amtaje gavana wake wa zamani, anikatalie. Akachukua kalamu kabla sijamaliza. Nikashangaa, nikamuuliza imekuwaje.

"Shemeji," akasema, "ulipoacha geti wazi, nguruwe wangu arobaini waliingia makaburini siku ya kuwakumbuka marehemu. Ofisi yako nitailinda kwa damu yangu."

Hivi ndivyo sera njema inavyounganisha vyama.

Jumatano, 14 Mei

Gavana amekuja. Utepe mwekundu, mkasi mkubwa kama mtoto wa miaka sita. Mkasi haukati, kwa hiyo mkuu wa zimamoto akauchana utepe kwa kisu kwa nyuma. Gavana akatoa hotuba: kila kitu mnachokiona hapa kimetokana na uamuzi wa busara. Binamu wa Saldaña akagonga nyundo mahali palipotakiwa.

Kisha Mzee Lumir akanyoosha mkono. Nikafumba macho. Akauliza kwa adabu zote kama serikali ina mpango wa kuileta tena mvua ya mawe mwaka huu. Watu wakatazama viatu vyao, mabega yakitikisika. Gavana akasema serikali yake iko tayari kwa lolote. Wakampigia makofi.

Tumeshinda! Plum Fork ni mji wa mfano. Ofisi imeongezewa mwaka mzima.

Ijumaa, 16 Mei

Lori na ngazi zimekwenda Kansas. Gestini kuna wageni wawili. Hayo ni mambo ya msimu.

Nimepita meza ya kahawa na cheti changu kwenye fremu. Nimewaambia wazee sera imezaa ajira, na sasa wana ushahidi. Lumir akauliza ajira ya nani. Nikasema yangu. Akatupa dadu.

Redio imetangaza mawingu mazito kutoka magharibi kesho. Nimeshaandika rasimu ya kuishukuru serikali.

Mchana, makao makuu wameleta pongezi na fomu za kuomba unafuu wa kodi. Sikuwahi kuziona. Ukurasa wa pili, chini kabisa, pameandikwa kwamba sheria yenyewe itaanza kutumika tarehe moja Januari mwaka ujao.