Tunaomba Chuo Chetu Kisitambuliwe Tena

Chuo cha Walimu Nyakahama,
Muleba, kwa njia ya Bukoba.
27 Novemba, 1953.

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi ndogo gazetini niililie Serikali ituondolee baraka iliyotupa. Mwezi Machi Bwana Mkaguzi alikitambua chuo chetu, ili alama zetu zihesabiwe Serikalini, na hati ya kutambuliwa ikatundikwa ukutani. Tangu hapo masomo ni yaleyale, ila sisi ndio tumeharibika.

1. Mwalimu Karugendo hutusomea Kanuni za Ualimu kutoka daftari lilelile tangu kabla ya vita. Zamani tulisema anachosha. Sasa tunasema ana elimu ya kina. Pale mchwa walipotafuna ukurasa wake, nasi tunaacha nafasi madaftarini, ya ukubwa uleule.

2. Kulima kibanja cha chuo, yaani shamba la migomba, kulikuwa adhabu, na adhabu ina mwisho. Sasa kunaitwa Somo la Kilimo, lina alama mia, na watu wanalima hata Jumapili baada ya misa.

3. Katika mazoezi ya kufundisha, wenzetu hujifanya watoto. Rafiki yangu Mujuni alikuwa mtundu wa kupigiwa mfano: alizomea, alisinzia, alikula ndizi darasani. Sasa anatulia kama padri mgeni, eti asinipotezee alama. Nimeudhika kweli, maana sijui nitakutana na nini huko shuleni.

4. Juzi senene, wale panzi wetu watamu, walianguka tele uwanjani. Hakuna aliyeinuka. Tulinakili tu, huku akina mama wa jirani wakijaza vikapu. Mhaya anayeacha senene kwa ajili ya daftari atamfundisha nini mtoto wa Mhaya?

5. Mzee Rugemalira wa Kagoma alikuwa amekubali nimwoe binti yake Alistidia, nikiwa mwalimu wa hivihivi. Aliposikia habari za hati, akasema harusi ingoje alama: chini ya hamsini, hakuna harusi. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Kwa hiyo naomba hati ile ishushwe, tupate tena kuyachukia masomo kwa moyo mweupe.

Nisalimie wapiga chapa wako wote, na shangazi yangu Kokushubila wa Kibeta, asiyekosa gazeti lako.

Ni mimi mtiifu wako,
Damian Lwakatare,
Mwanafunzi wa mwaka wa pili.

N.B. Alama zimebandikwa sasa hivi. Nimepata sitini na mbili! Hati ile ni nzuri sana, na atakayeigusa atanikuta mimi. Ningeichana barua hii, ila stempu nimekwisha kuibandika. Ukiichapa, tafadhali weka jina la Mujuni badala ya langu. Yeye kapata arobaini na nane, na hana mchumba.