Kitufe cha NIPO

Jumatatu, 1 Julai
Kozi ya likizo ya kompyuta imeanza. Nimo. Nyumbani hawajui kwamba somo hili nililifeli muhula uliopita. Shangazi, ambaye ndiye ninayekaa kwake, nimemwambia mhadhiri kaniomba nimsaidie kufundisha. Kafurahi mno. Jirani naye ameshapata habari.

Dosari moja. Nimeingia chumba cha kompyuta nikamkuta Binamu, binti wa shangazi huyo huyo, kakaa safu ya mbele. Yuko mwaka wa kwanza, hajafeli kitu, kaja kwa kupenda mwenyewe. Likizo! Akaniuliza mbona msaidizi wa mhadhiri amekaa nyuma karibu na mifagio. Nikamjibu kwamba nasimamia darasa kwa ujumla.

Mhadhiri katangaza sheria yake. Kila asubuhi, kabla ya saa mbili, unafungua mfumo wa mahudhurio na kubonyeza kitufe kilichoandikwa NIPO. Anayekosa sana hafanyi mtihani. Asiyefanya mtihani anarudia mwaka.

Jumanne, 2 Julai
Saa mbili asubuhi ni saa ya majogoo. Nimepata wazo: programu ya kunibonyezea NIPO. Nimeishughulikia mchana kutwa, hata kula nimesahau. Nikakwama mahali pamoja, pa kuifanya ijirudie kila siku yenyewe. Nikamuuliza Binamu kwa mbali, kama mtu anayempima mwanafunzi. Akaeleza kwamba hapo unaweka kitanzi, yaani maagizo yanayojirudia, halafu unakiambia ni wakati gani kisimame. Nikampongeza kwa kujibu vizuri.

Hiyo ya kusimama sikuiweka. Isimame kwa nini?

Alhamisi, 4 Julai
Inafanya kazi! Shangazi ni muuguzi, hutoka alfajiri, kwa hiyo hakuna wa kuniamsha. Nimelala mpaka jua limenifuata kitandani. Kwenye mfumo, nilikuwa darasani mapema kuliko wote.

Binamu karudi akasema hakuniona. Nikamwambia nilikuwa na mhadhiri ofisini. Akasema mhadhiri alikuwa mbele yake akifundisha. Nikamwoshea vyombo vya zamu yake, naye akasahau aliyoyaona. Bado mdogo, lakini anajua kupatana bei.

Jumanne, 9 Julai
Nimeitwa ofisini kwa mhadhiri. Nikavaa shati lililopigwa pasi, maana mahudhurio yangu hayana doa na nilitarajia pongezi.

Nikamkuta shavu limevimba. Akasema jana hakukuwa na darasa. Yeye alikuwa anang'olewa jino, na tangazo lilibandikwa mlangoni. Wanafunzi wote hawakuhudhuria, isipokuwa mmoja.

"Jana ulifundishwa na nani?" akaniuliza.

Nikamwambia nilijisomea.

"Mlango ulikuwa na kufuli."

Nikasema utulivu ulinisaidia sana. Hakucheka. Nadhani ni jino.

Nikamwonyesha programu. Akaisoma polepole, akarudi juu, akaisoma tena. Akauliza nani kaiandika. Nikasema mimi. Akasema basi keshokutwa nisimame mbele ya darasa nieleze kila mstari unafanya nini. Nikiweza, nabaki. Nikishindwa, nakwenda kurudia mwaka.

Mwaka mzima haufichiki. Shangazi amenilea tangu darasa la pili, na kila ukoo unapokutana huwa ananitetea mpaka sauti inamkauka. Usiku huu kanipakulia chakula kingi, akisema mwalimu hafundishi na njaa. Nimekimaliza chote, lakini sikuomba nyongeza.

Alhamisi, 11 Julai
Nimesimama mbele. Mwanzo nilitiririka. Hapa programu inafungua mfumo, hapa inaandika jina langu, hapa inabonyeza. Wenzangu wakacheka pale nilipotaja kitanda. Mhadhiri akawatazama, wakaacha.

Tukafika kwenye kitanzi. Akauliza kwa nini programu ilibonyeza hata siku ambayo darasa halikuwepo. Nikatazama dari. Nikatazama viatu vya mhadhiri.

Hapo Binamu akanyoosha mkono. Akasema ana swali dogo kwa mtoa mada: je, inawezekana kitanzi kilikosa sharti la kukisimamisha, ndiyo maana kikaendelea bila kuuliza kama siku hiyo kuna darasa?

Maskini, kaona aibu kutoelewa. Nikamjibu kwa upole kwamba ndivyo hasa, tena ameuliza vizuri. Nikamweleza mpaka mwisho. Mhadhiri alimtazama Binamu, akanitazama mimi. Kisha akasema ninabaki. Akaongeza kwamba ndani ya programu ile kuna kazi nyingi kuliko niliyofanya muhula mzima, na anatumaini nimeelewa anachomaanisha.

Nimeelewa. Nina kipaji.

Njiani Binamu kasema sasa vyombo ni vyangu mpaka kozi iishe. Sikuona uhusiano, lakini nilikuwa na furaha, nikakubali.

Ijumaa, 12 Julai
Leo nimeamka mwenyewe, nimekaa darasani mwanzo mpaka mwisho. Somo si baya. Mhadhiri katangaza kwamba kuanzia Jumatatu kitufe peke yake hakitoshi. Mfumo utataka na picha ya uso kila asubuhi, ili kila mtu afike mwenyewe. Alipokuwa akisema alinitazama kwa macho ya kirafiki kabisa. Nikaitikia kwa kichwa. Makosa yangu nayajua, na siyarudii: kitanzi nimekiwekea sharti, kitaangalia kwanza kama kuna darasa.

Picha nayo nimeshaichagua. Ni ile niliyopigwa kwenye harusi, nimevaa suti na ua kifuani. Mhadhiri ataanza kila siku kwa kuona mwanafunzi aliyependeza.