Msiba wa Fundi Machibya

Jumatatu, 22 Septemba 1997

Nimetoka kinuni na pamba mpaka kwenye nyusi. Nafika kibandani kwangu Igogo, namkuta Yassin, fundi saa wa kibanda cha pili, anatabasamu. Yassin akitabasamu ujue kuna mtu ameumia.

Bwana wa kodi alikuja. Ni mgeni, katokea Dar, anaitwa Salum. Anamtaka Fundi Machibya wa redio, ambaye kwa miaka mitatu hajapeleka hesabu za mapato yake. Akienda mwenyewe kabla ya Ijumaa jioni, atapigiwa hesabu kwa upole na kulipa kidogo kidogo. Asipokwenda, kufuli mlangoni.

Machibya ni mimi. Mchana naitwa Mihayo, karani wa mizani kwenye kinu cha pamba, na kodi yangu hukatwa kabla mshahara haujanifikia. Jioni natumia jina la babu, kwa sababu bosi hapendi karani mwenye kazi mbili. Sasa kodi nilishakatwa mchana, jioni wanataka nini tena?

Salum aliposikia Machibya ni Msukuma akacheka sana. Kumbe yeye Mzaramo, yaani mtani wetu! Akaacha salamu kwamba nisipokwenda atanizika mwenyewe.

Mke wangu Getruda anasema niende kesho asubuhi. Anasema mshahara wa kinu unaishia kwenye unga, na kibanda ndicho kinachomsomesha Modesta wetu uuguzi kule Sengerema. Kikifungwa, mtoto anarudi nyumbani. Nimemjibu kwamba nina mpango. Hakuuliza mpango gani. Ananijua.

Yassin yeye alikwenda ofisini mara tu alipoitwa. Risiti ameibandika kwenye kioo ili niione. Kimbelembele!

Jumanne, 23 Septemba

Mpango wa kwanza. Kodi hutozwa biashara, basi nisiwe na biashara. Nimefuta kibao na kuandika upya: MACHIBYA, TUNASAIDIANA. Herufi nyekundu, zimependeza.

Saa kumi na moja akaja mzee kutoka Usagara kuchukua redio yake. Nimeihangaikia wiki nzima. Kasoma kibao, kanishika mkono, kaniambia Mungu anizidishie moyo huo, kaondoka na redio. Nimekimbia nyuma yake hadi barabarani. Nikamwambia nini sasa? Shikamoo tu. Akasema marahaba.

Baada yake wakaja wanne, wote wanataka kusaidiwa. Yassin alicheka mpaka akadondosha skrubu ya saa ya mtu. Angalau hilo.

Jumatano, 24 Septemba

Mpango wa pili umenijia kwenye mizani, katikati ya marobota. Salum kasema atanizika. Sawa. Aliyekufa hadaiwi!

Jioni nimesubiri Yassin afunge, nikabandika tangazo mlangoni: Fundi Machibya amefariki ghafla, mazishi yamefanyika kijijini, asanteni. Ninakokaa, kule Nyakato, hakuna mteja anayepajua, kwa hiyo hakuna wa kunifuata. Mwezi ukipita nitahamia soko jingine na jina jingine. Getruda sijamwambia. Atafurahi nikishafanikiwa.

Alhamisi, 25 Septemba

Siku mbaya kuliko zote.

Nilidamka nikaenda kibandani kuchukua pasi yangu ya kuunganishia nyaya, kwani kuna mtu ameniomba nimwazime. Nimeingia, nikasikia watu nje. Nikajifungia ndani nikidhani watapita. Hawakupita! Moza, mama muuza chai, kaanza kulia. Mwingine kaja na mabenchi. Wakatafuta turubai, wakafunga kwenye paa langu mwenyewe. Nikawa chini ya meza katikati ya redio, msiba wangu uko mlangoni, na kinuni nimechelewa.

Aliyelia zaidi ni Yassin. Nilichungulia kwenye tundu la msumari nikamwona anajifuta machozi kwa kitambaa cha kufutia vioo. Alisema jirani kama Machibya hatampata tena, na kwamba ile risiti aliibandika ili nione ofisini hawali watu, nami niende. Kisha akapitisha kofia ya rambirambi, akisema marehemu ana binti chuoni na asirudishwe nyumbani kwa kufiwa. Watu wa Igogo wakatoa. Hata wale wanne wa kusaidiwa wakatoa. Nimeona aibu sana. Karibu nitoke.

Hapo akaja Salum.

Niliwasahau watani! Mtani akisikia msiba lazima aje, na akija lazima avuruge. Salum kaja koti kaligeuza nje ndani, majivu usoni, kamba mkononi. Kajilaza kizingitini, akasema hapiti mtu mpaka alipwe, na kama kaburi halijafukiwa apelekwe akalijaribu kwa urefu. Waliojawa na huzuni wakaanza kucheka. Moza alicheka huku analia. Salum akasema marehemu alikimbia kodi mpaka akafika ahera, na huko nako watamkuta. Nikavumilia. Akasema alikuwa na sura ya kambale. Nikavumilia pia.

Kisha akasema Machibya hakuwa fundi. Kwamba redio aliyotengeneza yeye inatoa taarabu na mahubiri kwa wakati mmoja, na ukiipiga kofi inatoa hali ya hewa.

Hapana. Kila kitu kina mpaka.

"Hiyo ni kondensa! Wanauza kondensa mbovu!" nikapiga kelele chini ya meza.

Mabenchi yakapinduka. Wengine walidhani ni redio, wengine walidhani ni mimi, na wote walikimbia. Nilipofungua mlango alibaki Salum peke yake, bado kalala kizingitini. Akanitazama kutoka chini.

"Marehemu," akasema, "kesho saa tatu ofisini. Na utani tunauacha mlangoni."

Ijumaa, 26 Septemba

Getruda kanipeleka mwenyewe, kanishika mkono wa shati kutoka Nyakato mpaka mlango wa ofisi. Bosi wa kinu nilimwambia nina msiba. Sikudanganya sana.

Salum alikuwa na tai na uso mwingine kabisa. Akauliza pango la kibanda, risasi ya kuunganishia nyaya, vipuri, hata zile kondensa, vyote akavitoa kwenye hesabu. Kilichobaki ni kidogo kuliko nilichopoteza kwa kusaidiana! Nalipa kwa awamu, kufuli hakuna. Faili sasa lina jina langu la kweli. Lile la Machibya kalipigia mstari.

"Huyu tumeshamzika," akasema. "Hatumwiti tena."

Rambirambi Yassin kakataa kunipa. Kasema zilitolewa kwa ajili ya Modesta, na amemkabidhi mtu wa kivuko azifikishe Sengerema. Kisha akasema hataki kuniona mpaka hasira zimwishe. Jioni akaniletea chai bila kunitazama. Nimeinywa yote.

Getruda kaniuliza kama nimejifunza. Nimesema ndiyo.

Jumapili, 28 Septemba

Nimetoka kanisani na wazo. Alhamisi nilipokuwa chini ya meza nilisikia watu wakihangaika kutafuta turubai na mabenchi asubuhi nzima. Igogo yote hakuna anayekodisha! Shemeji Obedi ana turubai kubwa na hana kazi nalo.

Bosi asijue. Na ofisi ya kodi isumbuliwe kwa nini, wakati lipo jina ambalo wenyewe wamesema hawaliiti tena? Kibao tayari: MACHIBYA, TURUBAI NA VITI VYA KUKODI. Rangi haijakauka na mteja wa kwanza amepatikana. Mama mpole sana, Bi Nusrat, mgeni mjini hapa kutoka Dar, ana maulidi Jumamosi. Mumewe anafanya kazi ofisi fulani mjini, sikuuliza ipi. Kasema mume atakuja kesho mwenyewe kulipa, na ni mtu wa utani sana, tutaelewana.