Karatasi Iliyokuja na Karabai

Aibu kama ya leo sijapata kuiona. Mji wetu mzima wa Baraka, huku Kongo, ulikuwepo, na mamamkwe alikuwa mstari wa mbele.

Mnamjua mume wangu, Ramazani. Alivuka ziwa kwenda Kigoma, upande wa Waingereza, kutafuta kazi, hata mwaka wa ndoa hatujamaliza. Miezi minane sasa. Nimemkumbuka mpaka kikohozi chake. (Chekeni, lakini ni kweli.)

Wiki mbili zilizopita mashua ilinishushia kikapu kutoka kwake haraka haraka, ikaendelea na safari ya kijiji cha Swima. Ndani mlikuwa na karabai, ile taa ya kupiga pampu, mpya kabisa. Chini yake karatasi iliyokunjwa, maneno yamepigwa kwa mashine. Kiingereza kitupu. Nikajua ni barua. Ramazani hajui kuandika, basi karani wa huko kamwandikia kwa lugha ya huko.

Kwetu barua ya ng'ambo haisomwi chumbani. Inasomwa uani, kila mtu asikie salamu zake. Majirani wakajaa, mamamkwe akakaa mkekani akaniambia:

"Zaina, soma. We si ulisoma kwa bamasista?"

Nilisoma, ndiyo. Kifaransa, miaka mitatu. Kiingereza sikijui hata cha kuombea maji. Lakini nikaona baadhi ya maneno yanafanana na ya Kifaransa kama watoto wa mama mmoja. (Ningesema sijui, saa hizi ningekuwa nimetulia kwangu.) Nikayaokota yanayofanana, mengine nikayaruka.

Lilikuwepo neno la mwali wa moto. "Roho yake inawaka juu yangu," nikasoma. Lilikuwepo la msukumo. "Kazi inamubana." Lilikuwepo la hewa. "Bila mi, hapumue." Likaja la kitu chepesi kuvunjika.

"Amekonda," nikasema.

Mamamkwe akaanza kulia. "Mutoto wangu. Banamulisha nini kule?"

Mwisho kabisa nikaona neno la kurudi, na karibu yake tarakimu: 30. Hapo hata Kifaransa sikukihitaji.

"Iko narudi tarehe makumi tatu," nikasema.

Tarehe thelathini ndiyo leo. Nyumba nilishaipaka udongo mweupe tangu juzi. Mamamkwe, ambaye alikuwa ameanza kusema mwanawe amepotelea kwa Waingereza, akachinja jogoo wake wa pekee. Wamama wa mtaa wakaja ufukweni na ngoma. Mimi nikavaa kitenge cha harusi.

Mashua ikafika. Wakashuka wachuuzi wawili, mbuzi, na magunia ya chumvi. Ngoma zikapigwa. Nikamtazama usoni kila aliyeshuka, hata mbuzi. Mwishowe akabaki nahodha peke yake.

"Shemeji, leo nani anaolewa?"

"Tunamupokea Ramazani. Barua yake ni hii."

Nahodha alisoma shule Kigoma, Kiingereza anakijua. Akapitisha macho kwenye karatasi. Akaniangalia. Akauma mdomo.

"Niisome kwa sauti?"

"Soma," mamamkwe akasema. "Batu basikie."

Akatufasiria taratibu, kama imamu. "Usiguse kioo, ni chepesi kuvunjika. Piga pampu mpaka msukumo wa hewa utoshe. Mwali wa moto ukiwa mwekundu, zima. Taa ikiwa na kasoro, irudishe dukani ndani ya siku 30."

Ngoma zikawekwa chini. Kisha mama mmoja akaguna, mwingine akashika mbavu, ufukwe wote ukaangua kicheko. Mamamkwe hakucheka.

"Jogoo yangu," alisema tu.

Nikakaa juu ya gunia la chumvi nikalia, wala sikujificha. Kila neno nililolitambua lilikuwa sahihi: moto ulikuwa moto, hewa ilikuwa hewa. Kumbe aliyekuwa akiwaka humo ni mimi. Taa sikuiomba. Nilimtaka yeye, na karatasi yoyote iliyotoka upande wake ingeniambia kwamba anakuja.

Nahodha akanionea huruma. "Kesho narudi Kigoma, shemeji. Nimwambie nini mumeo?"

Nikajifuta machozi kwa pindo la kitenge.

"Umwambie taa iko muzima. Mwenye kasoro ni ye. Arudishwe ndani ya siku makumi tatu."