Laptop Kwenye Barafu ya Sangara

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Nchi nzima imepumzika, mimi nimepata kazi! Matrida kapiga simu kutoka Butiama. Wazazi wake wanafanya jubilei ya miaka hamsini ya ndoa, Jumamosi ya tarehe 19. Kanipigia debe, video napiga mimi. Asubuhi misa. Mchana watu wakishakula, wanaitazama misa yao kwenye kitambaa cheupe, siku hiyohiyo. Akashusha sauti. Baba yake, Mzee Mugeta, atanipimia hapo. Nikifanya vizuri, mshenga wangu atapokelewa. Nikiharibu, basi tena, nitafute mchumba kwingine.

Na Gody je? Gody ana studio ya video hapa Nyasho, Musoma, mkabala na kwangu, na kibao chenye taa. Kila tukikutana anauliza kama laptop yangu bado inapumua. Inapumua, ndiyo. Kwa shida.

Jumatano, 9 Julai

Nimeenda Bunda. Shija, mwenye mashine ya kusaga, anauza laptop yenye kadi ya picha inayojitegemea, GTX 1050 Ti ya GB nne. Hiyo kadi ndiyo inayobeba mzigo wa video ili kompyuta isizimie. Ya mwaka 2017. Shija kasema alikuwaga anaiweka palepale mashineni, anapigia hesabu za magunia na kuchezea gemu la mpira.

Nimempigia Robi, rafiki yangu, mwalimu wa kompyuta sekondari. Nimemuuliza, kadi ya zamani hivyo bado inafaa kununuliwa? Robi hajui jibu fupi. Kasema inategemea. Gemu mpya za sasa, nisahau, GB nne hazitoshi. Video za HD za kawaida, itafanya kazi vizuri tu. Za 4K, zenye picha nzito mara nne ya HD, itahema. Halafu kwenye laptop hiyo kadi imechomelewa humo ndani, huwezi kuitoa ukaweka nyingine, kwa hiyo ukinunua ndiyo umeoana nayo. Nifungue feni kwanza nitoe vumbi. Nipige HD, niachane na makuu.

Mimi nilisikia "itafanya kazi vizuri". Nimenunua.

Ijumaa, 11 Julai

Kibao cha Gody kimeongezwa maneno: VIDEO 4K. Haya! Na mimi 4K.

Nimeijaribu laptop. Mwanzo mteremko. Baada ya muda ikaanza kuunguruma, ikawa ya moto, chumba kizima kikanukia uji. Ikazima. Feni inatema unga! Nimempigia Robi, kasema si alishaniambia, fungua usafishe. Kufungua? Kitu nimenunua juzi nianze kukipasua?

Akili ikanijia. Shangazi Esta analetaga sangara kutoka Murangi kwenye deli, sanduku la plastiki la barafu. Samaki anafika Musoma jicho linang'aa. Kama barafu inamtunza sangara, laptop ni nani? Nimeiweka juu ya deli, kifuniko wazi, nimewasha. Imemaliza video yote bila kuzima! Nilirukaruka mwenyewe sebuleni. Robi sijamwambia. Watu wa vyuo huwaga wana wivu na uvumbuzi.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa Gody kanivizia nje ya kanisa. Kasikia nimenunua laptop ya mashineni. Kauliza ni ya video au ya kukobolea. Watu wakacheka, hata wanakwaya. Nimemwambia Butiama napiga 4K. Akasema kibao ni cha kuvutia wateja tu. Pale pana projekta ya kukodi na shuka la kitanda, nani atajua? Nimeondoka zangu. Anaogopa.

Alhamisi, 17 Julai

Shangazi kaninyima deli. Eti mteja kakuta waya wa chaji katikati ya samaki, kauliza sangara wa siku hizi wanavuliwa na nini. Nimembembeleza, wapi! Lakini Mungu hamtupi mja wake. Matrida kasema kwao lipo deli kubwa, la soda za wageni, na barafu imeshaagizwa. Sikumwambia nauliza ya nini.

Jumamosi, 19 Julai

Ole wangu.

Misa ilikwenda vizuri. Nilipiga kila kitu 4K, mpaka viatu vya wanakwaya. Mafaili mazito hatari. Wageni walipoanza kula nikajibanza nyuma ya jiko na deli. Kukaa juu hakukutosha, jua lilikuwa kali. Nikatoa soda, nikaziweka pembeni. Nikaiingiza laptop ndani ikiwa inakamilisha kazi. Nikafunika, baridi isipotee.

Nikaenda kuchukua pilau. Ndilo kosa langu pekee.

Nikiwa kwenye foleni, Baba Paroko akaomba soda ya baridi. Akaletewa ya moto kama chai. Mzee Mugeta akaona aibu, akasema anaifuata mwenyewe, akalibeba deli zima hadi meza kuu mbele ya wazee wote. Akafungua. Akaingiza mkono. Akatoa laptop yangu, inachuruzika maji, waya unaning'inia. Ikalia mara moja, ikazima. Mzee akauliza, kwa upole kabisa, kama hii nayo inanywewa.

Nilitamani ardhi ipasuke. Matrida aliinamisha uso.

Kumbe Matrida alikuwa amemwomba Gody apige na yeye, pembeni, kwa tahadhari! Gody akaunganisha laptop yake na video ikaonekana. HD ya kawaida. Nikachungulia stika ya mashine yake. Kadi yake ni ya zamani kuliko yangu! Ila feni inazunguka kimyakimya, safi. Kwenye shuka Mama Gati, mama yake Matrida, akajiona anamwambia mumewe "nakukubali" kwa mara ya pili, akalia. Watu wakapiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza ni K ngapi. Na mimi nililia, nakiri. Sehemu kwa ajili ya mama, sehemu kwa ajili yangu.

Jumapili, 20 Julai

Robi kaifungua laptop. Unga wa Bunda na maji ya barafu vimekutana kwenye feni, na joto la kadi limevipika. Ugali! Katoa bonge na bisibisi, kaliweka kwenye kisosi. Kasema ningesafisha siku ile ya kwanza na kupiga HD, kadi hii ingenilisha miaka. Haikuwa ununuzi mbaya. Mnunuzi ndiye mbaya. Nimetikisa kichwa kukubali, nisimwudhi.

Jumatano, 23 Julai

Matrida kapiga simu! Mama Gati kaniombea. Kasema katika miaka hamsini hajawahi kumwona mumewe akicheka vile, alicheka peke yake hadi machozi wageni walipoondoka. Mzee kakubali. Mshenga aje Jumamosi. Sharti moja tu: nikija, nije mikono mitupu, hataki kuona laptop nyumbani kwake. Nimepiga magoti nikashukuru. Robi kakubali kuwa mshenga.

Ila nimewaza. Siku kubwa hivyo, ipite bila video? Watoto wangu wataona nini?

Tatizo lilikuwa maji, si baridi. Barafu inayeyuka. Inatakiwa baridi kavu. Nimempigia Shija. Anayo laptop nyingine, pacha wa ile, kadi ileile, nayo ilikuwaga mashineni. Na ana friza ndogo ya mtumba. Nimemwambia anishikie zote mbili.

Robi kauliza kwa nini mshenga apande pikapu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Mzee kakataza kuiona laptop. Friza ikifungwa mlango, ataionea wapi?