Klabu ya Paris Yafuturu Chikongola

Alhamisi, 29 Novemba 2001

Habari njema! Nimemaliza kutengeneza redio ya mteja saa nne asubuhi, nikaiwasha, na jambo la kwanza kusikia ni kwamba nchi yetu imesamehewa madeni. Siyo yote, lakini mengi. Nikaweka bisibisi chini. Nikasikiliza mpaka habari za michezo.

Hali yangu na ya nchi ni moja. Nadaiwa shilingi elfu sitini. Bi Hadija mwenye duka, elfu kumi na nane: unga, sukari, mafuta ya taa. Kasiani fundi baiskeli, jirani yangu wa kibanda, elfu kumi na mbili. Mwalimu Gideoni, elfu thelathini, nilizonunulia vifaranga mia. Wakafa tisini na tisa. Wa mia ni jogoo.

Ubaya ni huu: kwa Mwalimu nimeweka rehani cherehani ya mke wangu. Safina hajui. Yuko Nanyamba kwa mama yake, wanaokota korosho. Anarudi Jumapili. Kikapu kimejaa nguo za Idi za watu, na pale cherehani ilipokaa kuna alama za miguu yake sakafuni. Mwaka juzi niliuza birika lake, akakaa kwao miezi mitatu. Birika tu! Cherehani aliachiwa na marehemu baba yake.

Naogopa. Lakini kama nchi imesamehewa, kwa nini si mimi?

Ijumaa, 30 Novemba

Baada ya sala nimemfuata Mwalimu Gideoni. Ni mtu wa Mbeya, anafundisha uraia, na hajawahi kuliacha swali lipite. Akachukua kijiti, akachora mchangani.

Kasema nchi hukopa kama watu, kujenga barabara, viwanda, bandari. Bei ya mazao ikianguka, inashindwa kulipa. Riba inazaa, na watoto wa riba nao wanazaa. Nchi inakopa huku ili ilipe kule. (Hapo nilikohoa.) Mwisho fedha ya kulipa madeni inazidi ya shule na ya dawa. Ndipo nchi zinazodai hukutana Paris. Wanaita klabu. Lazima wakae pamoja, kwa sababu mmoja akisamehe peke yake, nafuu yote inaenda kumlipa mwenzake. Na hizo nchi tajiri zenyewe, kasema, zinadaiana.

Nikauliza nchi inasamehewaje. Kasema iwe maskini kweli, iandike mpango, ikubali masharti. Umaskini ninao. Mpango naandika usiku huu. Masharti sikuyauliza, jua lilikuwa kali na nimefunga.

Akaulizia elfu thelathini zake. Nikamwambia suala hilo litafika kwenye klabu.

Jumamosi, 1 Desemba, mchana

Nimewaalika wote watatu kufuturu. Akili hiyo! Mtu amekaa mkekani kwako, kala tende zako, mdomo wa kukudai ataupata wapi? Na huu ni mwezi wa kusameheana.

Jogoo nimemchinja. Unga, sukari na tende nimekopa kwa Bi Hadija. Kauliza wageni ni akina nani. Nikasema ni yeye. Akafungua daftari, akaandika.

Kasiani alikubali kabla sijamaliza kumwalika. Mkatoliki yule, hajafunga hata nusu saa, lakini kwenye futari hukaa karibu na sinia kuliko imamu. Na mwezi huu keshasogeza ubao wake wa tangazo mara mbili, sasa umeziba kibanda changu kabisa. Nimenyamaza. Klabu ni klabu.

Jumamosi hiyohiyo, baada ya futari

Nimesoma mpango wangu wote, kurasa mbili: Mpango wa Asadi wa Kuondoa Umaskini wa Asadi. Walisikiliza kwa heshima. Kasiani alikuwa na paja la jogoo mdomoni, lakini alisikiliza.

Kosa langu: niliinuka kuleta uji. Dakika tano! Niliporudi walikuwa wanaongea wenyewe kwa wenyewe.

Kasiani kagundua kwamba ile elfu tano aliyonikopesha kwa mazishi ya shangazi yangu ilifika kwa Bi Hadija kesho yake, kupunguza deni la sukari. Bi Hadija aliikumbuka noti, ilikuwa na grisi ya mnyororo. Shangazi mwenyewe mzima wa afya, yuko Mikindani. Mwalimu naye kagundua kwamba nilimwambia cherehani ni yangu.

Bi Hadija kasema, mwanangu Asadi, kukopa harusi, kulipa matanga. Akatoa daftari kwenye pindo la khanga. Nikafumba macho. Lakini akaanza kumsomea Mwalimu! Mchele, majani ya chai, sabuni za miezi miwili: elfu thelathini. Akamgeukia Kasiani: elfu kumi na mbili. Kasiani akatema mfupa.

Klabu nzima inadaiwa! Sijafurahi hivyo tangu vifaranga walipokuwa hai. Mwalimu, badala ya kuona aibu, akapiga paja akasema ndivyo dunia ilivyo, ndicho alichokuwa anafundisha.

Bi Hadija akapiga hesabu. Kawafutia wote wawili, na ninachodaiwa nao kakichukua yeye. Kwa hiyo Mwalimu hana deni. Kasiani hana deni. Walikumbatiana. Mimi nadaiwa elfu sitini zilezile, zote na mtu mmoja. Nikauliza, kwa sauti ndogo, kuhusu kusamehewa. Kasamehe futari. Kasema hata hivyo tende nyingi kazila yeye.

Kisha masharti. Kila jioni nikifunga kibanda nipeleke elfu moja na mia tano, siku arobaini. Nikikosa siku mbili mfululizo, cherehani itahamia dukani kwake.

Lakini Mwalimu, kwa kuwa hanidai tena, ameileta mwenyewe juu ya baiskeli, huku Kasiani akiishikilia isianguke. Tukaiweka kwenye alama zake. Nililia kidogo. Nimewaambia ni moshi wa taa.

Jumapili, 2 Desemba

Safina kafika saa kumi na gunia la korosho. Akakaa kwenye cherehani kabla hajavua viatu. Akakuta uzi wa kijani. Yeye hana uzi wa kijani. Mke wa Mwalimu alishona mapazia!

Nikamweleza kuhusu nchi, riba, Paris. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kaenda kwa Bi Hadija. Karudi anajua kila kitu, pamoja na shangazi. Nilitegemea aanze kufunga nguo. Badala yake kacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema cherehani ikitoka tena mlango huu, atakuwa ameibeba yeye, na hatarudi.

Nampenda sana mwanamke huyu. Nimepeleka malipo ya kwanza mbio.

Jumatano, 5 Desemba

Siku ya nne sasa. Malipo matatu yamelipwa, na leo kazi imenyooka: redio kaseti kubwa, shilingi elfu nne taslimu. Ya leo, ya kesho, na chenji! Nikaelekea kwa Bi Hadija kifua mbele. Sijawahi kutembea Chikongola nikitazama watu usoni hivi.

Njiani, sokoni, nikakutana na Abdallah, muuza vitenge kutoka Msumbiji. Hatujuani sana, tumejuana leo. Kesho anavuka Ruvuma pale Kilambo kuchukua mzigo wa Idi, amepungukiwa elfu nne kamili. Atarudisha tano Jumamosi. Tano!

Hapo ndipo nilipoelewa somo lote la Mwalimu. Maskini na tajiri wako kwenye meza moja, tofauti ni upande unaokaa tu. Mimi siku zote nilikaa upande usiofaa. Nikampa.

Bi Hadija angoje leo, kesho na keshokutwa, Jumamosi nitampelekea kwa mpigo. Kijiji cha Abdallah sikuuliza, wala jina la baba yake. Nchi hazidadisiani hivyo. Safina anashona na kuimba, kauliza mbona natabasamu. Nimemwambia ashone tu. Nchi yangu inasamehewa na watu wa nje. Mimi, kuanzia leo, nawadai watu wa nje.